Alhamisi za Naftali

Redempta wa Unyambwa hakuwa mwanamke wa wivu, muulize jirani yeyote. Ubishi, sawa; mwenye mashine ya kukamua alizeti kule Mandewa alikuwa akimwona tu anaomba yaishe. Lakini wivu aliwaachia wenye nafasi. Mpaka mwaka ule kampuni za simu zilipogombania wateja kwa vifurushi vya bei chee, na mumewe Naftali akaanza kuongea na Dada Eliana.

Dada Eliana alikuwa mshauri nasaha, yuko Dodoma, anawasikiliza watu kwa simu ya picha. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyempa Naftali namba, baada ya miaka miwili ya pombe ya mtama iliyoanza wiki waliyomzika mtoto wao wa pekee, Festo. Kila Alhamisi saa kumi jioni Naftali alipanda jiwe kubwa nyuma ya nyumba, mahali pekee mtandao uliposhika, akasubiri Eliana ampigie, wakaongea saa nzima. Wiki ya sita akaacha pombe.

Majirani walimpongeza Redempta. Alicheka kwa meno tu, rohoni moto unawaka. Ni yeye aliyembeba kutoka kilabuni miaka yote miwili, akamfulia matapishi, akafunga na kuomba, asiambulie hata neno. Halafu anatokea binti ndani ya kioo, kilemba kimemkaa vizuri, anapata yote kwa wiki sita! Iliuma, jamani. Afadhali angekuwa mwanamke wa kilabuni, huyo angemvuta kanga wakamalizana.

Alhamisi moja, akipepeta alizeti chini ya jiwe, alimsikia mumewe akitaja jina la Festo. Nyumbani jina hilo halikuwa limetamkwa tangu mazishi. Ungo ulimponyoka.

"Mimi niliyemzaa nanyimwa," alisema peke yake. "Anapewa yule."

Kesho yake, Naftali alipokwenda kuoga, Redempta alipanda jiwe na simu ya mumewe, akaandika: "Nimepona dada. Usinitafute tena. Asante." Alipoona ujumbe umesomwa, akaufuta, kisha akaifungia namba ya Eliana. Alirudi jikoni kukoroga uji, moyo mweupe kabisa. Wivu ndivyo ulivyo, siku ya kwanza unakupa usingizi mzuri.

Alhamisi ikafika. Naftali alikaa jiweni saa nzima, simu kimya. Alhamisi ya pili vilevile. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa mkewe penye alizeti, akakaa chini. Redempta alifurahi hadi akaona aibu: hatimaye zamu yake imefika.

"Hivi mimi ni mtu wa kuchosha?" Naftali aliuliza.

"Kwa nini, baba?"

"Yule dada amenichoka. Na tulikuwa tumekaribia. Wiki zote hizi alikuwa ananifundisha namna ya kukwambia wewe jambo. Alisema siku nikikwambia, naye awepo kwenye simu, akusaidie."

Hapo angenyamaza. Lakini wivu haukumwachia.

"Niambie sasa. Yeye wa nini? Mimi si mkeo?"

Naftali aliitazama mikono yake. "Siku ile hospitali Festo alikulilia mchana kutwa. Nikamwambia mama yuko njiani. Nilikuwa sijakupigia. Wewe uko Kiomboi kwa mama yako, hujui lolote. Nilidhani homa itashuka, sikutaka kukutia hofu. Amekufa anauangalia mlango."

Redempta alikuwa amekipata alichokitamani, chote, na hakujua akiweke wapi. Alitaka kumpiga. Alitaka kumkumbatia. Alitaka kupiga yowe. Mwishowe alinyoosha mkono.

"Lete simu."

Kidole chake kilikwenda penye namba zilizofungiwa bila kutafuta, kikaifungua ya Eliana. Naftali alikiona kilivyoijua njia.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Nitukane baadaye." Machozi yalikuwa yanadondokea alizeti. "Panda umpigie kwanza. Mwambie umeniambia tukiwa peke yetu, na mimi nakufa."