Lebo Nne za Damu

Hospitalini walimwita Jicho, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali. Alianza kama karani wa masjala, akajifundisha kompyuta kwa vitabu vya kuazima, na huu ni mwaka wake wa kumi na tisa akilinda seva, mashine inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wote. Mtu akibonyeza kitufe popote jengoni, ombi linakwenda kwa seva, na Jicho huliona kwenye skrini yake: nani ameomba, ameomba nini, amesubiri sekunde ngapi. Ombi likikawia, anapiga simu, na simu zake hazina simile. Mama yake mzazi, anayeishi naye, husema angekuwa askari wa barabarani watu wangehama mji.

Saa tano asubuhi ikalia simu yake yeye.

"Dada, lebo hazitoki," alisema mtaalamu wa benki ya damu. "Kuna mama yuko mezani, kajifungua, damu haikatiki. Mifuko ya dharura imeisha. Hii minne nimeshaipima, inamfaa, lakini nikihifadhi majibu, mashine inazunguka tu."

Hakuhitaji maelezo zaidi. Tangu siku lebo mbili za kuandikwa kwa mkono zilipobandikwa kimakosa, mganga mkuu alipiga marufuku kalamu. Mfuko hautoki kwenye friji bila lebo iliyochapwa na mfumo, na mfumo hauchapi kabla seva haijahifadhi majibu.

"Nipe dakika tatu."

Akafungua orodha ya maombi. Juu kabisa lilikaa la famasia, ripoti ya dawa za mwaka mzima, sekunde mia tisa. Hasira zikampanda. Akampigia mfamasia, mzee mpole aliyebakiza miezi michache astaafu.

"Mzee, ripoti ya mwaka saa hizi? Kuna mama anakufa huku kwa sababu yako!"

"Mungu wangu! Nimebonyeza mara moja tu, binti yangu..."

Alikata simu, akalisitisha lile ombi. Seva haikupata nafuu. Akasitisha la mapokezi, la eksirei, hata la stoo ya mashuka. Wapi!

Simu tena. "Dada, presha yake inashuka."

Alijilazimisha kuisoma orodha upya, polepole, kama mgeni wa kazi. Ndipo akaona kilichofichwa na haraka yake. Hapakuwa na ombi moja zito. Yote yalikuwa yamekwama, hata lile dogo la kubadilisha namba ya kitanda, na yote yalisubiri nafasi ya kuandika kwenye diski. Akaiangalia diski. Ilikuwa imejaa pomoni, asilimia mia.

Imejaa nini? Akatafuta faili kubwa kuliko yote, akalikuta: ni lake mwenyewe. Ijumaa, akiwinda ombi moja sugu, aliiamuru seva iandike kila ombi linalopita, la haraka na la polepole, kwa saa moja tu. Kisha akaitwa kikaoni, kikao kikaisha jioni, akaenda zake nyumbani. Siku tatu seva ilikuwa ikiandika kila kinachofanyika hospitali nzima, hadi ikakosa pa kuandika majibu ya damu.

Akazima kwanza uandishi ule, maana ukifuta faili seva ikiwa bado imelishika, nafasi hairudi. Kisha akafuta. Asilimia mia. Mia. Tisini na tisa. Sitini.

"Imetoka!" mtaalamu alipiga kelele simuni. "Ya pili hiyo! Ya tatu!" Nyuma yake mtu alikuwa anakimbia koridoni.

Jicho alikaa saa nzima bila hata kunywa maji. Hatimaye muuguzi mkuu akapiga. Mama amefumbua macho, anauliza mtoto wake.

"Umetuokoa, Jicho. Mfamasia mwenyewe ameshamwambia mganga mkuu kosa ni lake."

Alishuka ngazi mbilimbili. Mfamasia alikuwa ameketi juu ya boksi la dripu, anaandika barua gotini.

"Yu hai?" aliuliza kabla ya salamu.

"Yu hai, mzee."

"Nashukuru. Miaka thelathini na minne sijampa mtu dawa isiyo yake, leo nusura niue kwa kitufe. Naacha kazi. Nisamehe, binti yangu."

Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Usiandike, mzee. Si wewe, ni mimi niliyeijaza seva, tangu Ijumaa. Nilijua kabla lebo ya kwanza haijatoka."

Mzee aliweka kalamu chini, akamtazama.

"Ulijua," alisema taratibu, "na saa nzima hukunipigia?"

Jicho, aliyempigia simu kila mtu kwa miaka kumi na tisa, akainua simu ya famasia, akampigia mganga mkuu.