Jina Nililompa Mtani Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa maiki kuliko majambazi waliokuwa kwenye kioo. Kibanda chetu kilikuwa Bigwa, mabati juu, mabati pembeni, mabenchi yasiyo na egemeo. Ndiyo maana vijana walikiita kibanda umiza. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu. Msinicheke, ninyi mnaotazama kila kitu kwenye simu! Filamu ilikuja kwa lugha asiyoijua mtu, nami nilikaa kando ya deki ya video nikawasemea wote: steringi, yaani shujaa wao, polisi, mpaka mama anayelia.

Mtafsiri Mkuu aliyenifunza alinipa somo moja tu.

"Jambazi wa kigeni haogopwi," aliniambia. "Mpe jina la hapa. Sema kapita sokoni asubuhi, kanunua njegere. Utaona watakavyonyamaza."

Basi nikawa nabatiza majambazi. Nikisema genge limetoka Kisaki kwa treni, limejificha milimani, watu wanapiga kelele za raha. Nilihamishiwa kibanda cha Mgeta kwa miezi michache, nikarudishwa Bigwa nikiwa na jina mjini. Nilikuwa hodari, nasema kweli, na sifa zilinilevya.

Rafiki yangu alikuwa Kosmasi, kuli wa sokoni, mshushaji wa kabichi na karoti kwenye malori ya Mgeta. Alikuwa na kovu refu shavuni. Utotoni aliteleza na tenga kwenye njia ya mteremko. Ukoo wake na wetu ni watani, na mtani kwetu Waluguru anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo nawe ukacheka. Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu, na mchana tulikula sahani moja. Rafiki mwingine sikuwa naye.

Ikaja filamu ambayo bosi wa maadui ana kovu shavuni. Lo! Ningeachaje? "Huyu hapa, Kosmasi Kovu!" nikasema kwenye maiki. "Anabeba kabichi huku anachungulia duka la kuvunja!" Kosmasi alikuwa benchi la mbele. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mtani, umenimaliza!" akapaza sauti.

Hapo ndipo nilipokosea. Utani ni wa watu wanaojuana, na kibanda kilijaa vijana wa kila kabila waliotoka kila upande. Wao hawakumwona mtani, walimwona jambazi. Nikalitumia jina lile filamu baada ya filamu, hata vijana waliokuwa wakipora simu mitaani wakaanza kutishia watu: "Sisi ni watu wa Kovu!"

Kosmasi akanifuata, safari hii hacheki. "Mtani, acha sasa. Jana mama mmoja alinipa tenga nimbebee, akanitazama usoni, akalichukua tena."

"Nitaacha wiki ijayo," nikamwambia. Sikuacha, maana watazamaji walikuwa wakilidai jina lile.

Ilikuwa shoo ya mchana. Nikasikia makelele upande wa sokoni: "Mwizi! Kovu huyo!" Nilijua ni nani. Nikainuka, na Bosi wa Kibanda akasimama mlangoni.

"Kaa," alisema. "Ukinyamaza, watatoka wote."

Nikakaa. Nikaongeza sauti ya spika nisisikie ya nje.

Watu wa sokoni walimvunja Kosmasi mkono wa kulia, sehemu mbili. Simu waliyodai ameipora ilikutwa kwa mtu mwingine kabisa. Kosmasi akarudi kwao Mgeta, na mkono ule haukubeba tena mzigo. Nilimtumia salamu kwa madereva wa malori, zikaenda zisirudi.

Vibanda vilikufa kimoja kimoja, nikastaafu bila hata soda. Naishi peke yangu Bigwa. Nikipika najikuta nasema kwa sauti ya steringi, kisha najijibu kwa sauti ya polisi. Upweke huu niliutafuta mwenyewe.

Mwaka huu nikaitwa Mgeta. Kosmasi amefariki, na msiba unahitaji mtani, kwa kuwa ndiye anayeruhusiwa kumsema marehemu mpaka wafiwa wacheke. Dada yake, Tekla, alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu mtani. Tuchekeshe, tumelia vya kutosha."

Nikasimama kando ya kaburi. Nikasema, "Huyu hakuwahi kuiba hata karoti. Jambazi ni mimi. Mimi nilimpa jina lile. Nilisikia anapigwa, nikaongeza sauti."

Watu wakaangua kicheko.

Nikarudia huku nalia. Wakacheka zaidi. Mzee mmoja akapiga makofi, akasema, "Mtani huyu anajua kazi yake!"

Tekla alinisindikiza hadi barabarani, akifuta machozi ya kicheko. "Asante mtani," alisema. "Kosmasi angefurahi." Akanifungia karoti kwenye kanga yake kuukuu.

Bado ziko jikoni. Zimeanza kusinyaa, na sijaweza kuzila.