Wekundu wa Shingo ya Dada

Dada yangu alitokwa na choa mwezi mmoja kabla ya kuolewa. Lilikuwa duara moja tu chini ya sikio, jekundu, lenye ukingo ulioinuka, na lilimwasha kweli kweli. Miaka ya nyuma, sabuni ilipokuwa kitu cha kupangia foleni, nusu ya mtaa wetu wa Nguvumali ilikuwa na choa na hakuna aliyemcheka mwenzake. Lakini sasa tulishaambiwa biashara ni ruksa, maduka yamejaa, watu wamenawiri, na bibi harusi mwenye duara shingoni alikuwa habari.

Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara hospitalini, tena mgeni kazini, na lile koti jeupe lilinipanda kichwani. Stoo ya hospitali haikuwa na dawa ya fangasi, basi siku dada alipowekwa ndani nikaenda kwa Mpemba mmoja mwenye duka la vitu vya ng'ambo. Akanipa tyubu ndogo. "Hii inazima wekundu wote," akasema. Hakudanganya, maana siku ya tatu shingo ya dada ilikuwa laini na hajikuni tena. Akaniita daktari, na mimi, pumbavu, nikaitika.

Tulifanya siri yetu wawili kwa sababu ya shangazi. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa somo, yaani mwanamke anayemlea bibi harusi ndani kwa siku saba, kumfunda na kumsugua singo. Singo yake ilisifiwa mpaka Raskazone, upande wa pili wa mji: liwa, karafuu, mrehani, unga wa mchele na marashi, vyote anatwanga mwenyewe, na ukimuuliza vipimo anakuuliza kama wewe ni polisi. Alikuwa na ulimi wa pilipili na viganja laini kama vya mtoto mchanga. Hakutaka kitu cha dukani kiguse ngozi ya mwari wake. Kwa hiyo kila shangazi akitoka kwenda kuswali, mimi naingia na tyubu yangu.

Tyubu iliisha siku ya nne. Asubuhi ya saba, wanawake walipokusanyika kumwosha bibi harusi, shangazi akammwagia maji, singo ikatoka, na choa kikaonekana kimeenea shingo nzima, kifua, mpaka katikati ya mgongo, kinawaka. Kisha mmoja akasema liwa lile lilikuwa limeoza, mwingine akasema huyu somo siku hizi haoni vizuri anachokitwanga. Mimi ndiye niliyeshika beseni, na sikusema kitu. Dada alinitazama mara moja, akainamisha uso. Akaolewa siku ile ile, amejifunika ushungi mpaka kidevuni.

Baadaye nilikwangua ngozi yake kidogo nikaipeleka maabara. Kwenye darubini nyuzi za fangasi zilikuwa tele kama nyasi za masika. Mkuu wetu wa maabara akachungulia, akaniuliza bibi harusi alipakwa nini. Nikasema singo. Akacheka, akasema singo haifanyi hivi, hapa kuna mtu kaufumba mwili macho.

Maelezo kamili niliyapata miaka mingi baadaye, nilipopelekwa kusoma, na nilivyoyasikia nilijiona mdogo kama sisimizi. Fangasi hujijengea ukuta wa sukari zilizoungana minyororo, sukari ambazo mwili wa binadamu hauzitengenezi. Chembe zetu nyeupe za damu, juu ya utando wake, zina vipokezi ambavyo kazi yake ni kuigusa sukari hiyo na kuijua. Hazisubiri kufundishwa, tumezaliwa nazo zikijua. Zikiigusa tu, zinaanza kumla mgeni, na zinatoa kemikali za kuita wenzao: mishipa inatanuka, damu inakuja, ngozi inakuwa nyekundu, ya moto, inawasha. Fangasi nayo haijalala, huifunika sukari yake kwa tabaka jingine ili isishikwe. Ni mvutano, na wito ukizidi nao huunguza mwili wenyewe, ndiyo maana dawa za kuutuliza zipo na zina mahali pake. Dawa ya Mpemba ilikuwa mojawapo. Haikuua hata uzi mmoja, ilinyamazisha wito tu, fangasi ikaenea bila kuzuiwa, na tyubu ilipoisha wito ukarudi kwa nguvu. Mimi niliona wekundu nikadhani ndio ugonjwa.

Wakati ule dada alipona kwa vidonge tulivyovitafuta kwa shida, ikachukua wiki nyingi. Jina la shangazi halikupona. Nilikwenda kwake nikiwa nimeshakonda kwa aibu, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia yote. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso.

"Najua," akasema. "Shingo ya mwari wangu ilinuka duka tangu siku ya kwanza. Nilidhani mnacheza na mafuta ya urembo, nikawaacha."

"Sasa kwa nini hukusema, shangazi, wanavyokutukana?"

"Nikisemwa mimi, kuku wangu wataendelea kutaga. Wewe koti umelivaa juzi. Nani atakupa mkono wake umtoboe damu, akisikia umemchoma dada yako? Funga mdomo wako, mwanangu, nenda kazini."

Nikaufunga. Mungu anisamehe, niliona nafuu. Zaidi ya mwaka ukapita bila mtu kumwita shangazi kumweka mwari ndani, na kinu chake cha liwa akawa anatwangia kisamvu.

Ilipofika zamu yangu kuolewa, nilikataa somo mwingine ila shangazi. Ndugu wakanionya, wakaniuliza kama nimesahau mgongo wa dada yangu. Asubuhi ya saba chumba kilijaa wanawake wale wale, na shangazi alikuwa nyuma yangu, viganja vyake mabegani pangu. Nikasema mbele yao kwamba ni mimi. Nikawaeleza tyubu, siri, na siku nne za kupaka, na kwamba shangazi alijua akanibebea.

"Nyamaza wewe," akasema shangazi. "Singo ya usoni inapasuka."

Akaendelea kunisugua, na nikajua analia kwa sababu machozi yake yalikuwa yananidondokea mgongoni.