Besi la Mzee Mbaruku Kule Mikumi

Niliondoka Morogoro kwa sababu kiongozi wa bendi yetu ya jazi alinituma nikamrudishe Mzee Mbaruku. Tulikuwa tumealikwa kurekodi redioni, naye hakuniamini na besi, lile kubwa la mbao linalopigwa mtu akiwa amesimama. Mzee Mbaruku ndiye aliyenifundisha kulipiga. Alipohamia kijiji cha ujamaa karibu na Mikumi, nikashika nafasi yake. Njia nzima niliomba nisimkute.

Asubuhi treni ilinishusha Kilosa. Sokoni nilimwuliza shemeji yake, muuza vitunguu.

"Utamkuta," alisema. "Ila usimshangae sana."

Nilipotaka kujua zaidi, akamgeukia mteja.

Saa nane mchana lori lilinifikisha Mikumi, nikatembea hadi kijijini. Mzee alikuwa kwenye shamba la ujamaa, akipalilia mahindi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Alinipa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na kidole gumba tu. Kinu cha kukamulia miwa pale kijijini kilikuwa kimevichukua vile vinne mwaka juzi. Nikarudi nyuma, nikajikwaa, nikakaa chini juu ya tuta.

"Mbona unaanguka wewe?" akacheka.

Jioni, jua likiwa bado juu ya milima, alilitoa besi lake nje. Mkewe, Bi Zuhura, akasimama kando yake akabana nyuzi. Mzee akazicharaza kwa mkono wa kulia. Sauti ilitoka nzito, imetulia, nzuri kuliko yangu. Watu waliokuwa wakirudi kutoka shambani wakaanza kucheza, majembe mabegani. Nikamgeukia Bi Zuhura.

"Mama, umejifunza lini?"

"Mwaka mzima. Alikuwa hali, halali. Nikamwambia, vidole vyangu si vipo?"

Nikatoa ujumbe wa kiongozi. Mzee alimtazama mkewe kwanza.

"Mwambie atutumie siku tu, tutakuja wote wawili."

Kesho yake nilirudi Morogoro. Kiongozi alinipokea mlangoni.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Vidole vya kushoto vimekatika."

Akashika kichwa. "Masikini! Basi utapiga wewe."

Ningeweza kumtaja Bi Zuhura pale pale. Sikumtaja. Tulirekodi, wenzangu wakanipongeza, na kazi yangu ya besi ikaanzia hapo. Kabla ya safari ile nilijihesabu kuwa mtu mwema. Mpaka leo sijapona mshtuko wa kujifahamu.