Jini la Birika la Timbwani

Watu wa Timbwani walidhani Mzee Boga amefia kwenye sijda. Imamu keshainuka, safu nzima imeinuka, yeye kipaji kingali mkekani. Kumbe alikuwa akiyaamuru magoti yainuke, nayo hayamsikii. Mtu mzima alipigwa na bumbuazi. Magoti yaliyobeba magunia bandarini Kilindini tangu ujanani, leo yamelemewa na kanzu!

Baada ya swala mwanawe, Ishaka, akamkwamua kwa makwapa.

"Kuanzia kesho, baba, utaswali umeketi pale ukutani."

"Ukutani? Nitoke safuni?"

"Ndio uzee, baba."

Neno hilo likamkaa Boga rohoni. Uzee huo umeingia lini, asiusikie hata hodi? Akafikiri weee, mara akashtuka. Tangu Ishaka aoe, yeye hajashika kitu kizito. Akigusa debe la maji, mkwewe, Dhahabu, humnyang'anya: "Hebu baba, wataka watu waseme hatukutunzi?" Shoka lilifichwa. Hata kiti huletewa alipo. Heshima tupu, na heshima hiyo hiyo ndiyo iliyomla magoti!

Basi kila mchana, watu wakijinyoosha baada ya chakula, Boga akawa anajiendea kisimani, pale msikitini. Mara ya kwanza alivuta maji nusu debe, akakaa chini anahema. Akachuchumaa, akainuka kwa kushika ukingo. Kesho yake akarudi. Siku zilivyokwenda likawa debe zima, akilibeba hadi kwenye birika la kutawadhia, na ukingo akauacha.

Sasa mwadhini Nguma, aliyezoea kujaza birika kabla ya alasiri, akawa kila akija alikuta limefurika. Siku moja alifika kwa Ishaka mbio, kilemba mkononi.

"Wallahi, msikitini mna jini! Jini Mwislamu, lakini ni jini!"

Mchana wa pili wakajibanza nyuma ya ukuta. Wakamwona Boga, kanzu kaifunga kiunoni, debe begani, achuchumaa, ainuka, na kuyakemea magoti: "Simameni, wavivu nyinyi!"

"Baba!" Ishaka akashika kichwa. "Wanivua nguo mbele za watu! Nipe debe hilo."

"Lichukue, kama una ubavu."

Ishaka akalivuta. Halikutoka. Akavuta tena, maji yakamrukia kifuani, naye akabaki kumkodolea macho babake kama mgeni aliyeshuka sasa hivi.

"Afadhali angekuwa jini," akanong'ona Nguma.

Alasiri ile Boga hakwenda ukutani. Alisimama safuni, bega kwa bega na mwanawe, na Ishaka, Mungu amsamehe, masikio yake yote yalikuwa kwenye magoti ya babake. Imamu akatoa takbiri ya kuinuka kwenye sijda. Goti likalia ka! Mzee akayumba. Ishaka akanyoosha mkono amdake, asimpate wa kumdaka. Boga alikuwa keshasimama wima, mikono kifuani.