Mgongo wa Fundi Sponji

Mafundi makochi wana siri moja ambayo mteja hana haja ya kuijua: kitambaa kizuri kinawekwa pale jicho linapofika tu. Mbele ya kochi unapiga mahameli, ubavuni mahameli, lakini nyuma, upande utakaoegemezwa ukutani, unafunika kwa chochote kilichobaki. Chini kabisa unapiga gunia. Fundi Sponji alikuwa hodari wa mambo hayo. Jina la Sponji alibandikwa na seremala aliyekuwa akimtengenezea fremu, kwa sababu ya yale mavumbi ya sponji yaliyokuwa yakimkaa kichwani kutwa nzima, na yeye hakulikataa. Alikuwa mtu mwema, mcheshi pia, na ukiuliza habari zake mtaani usingesikia baya. Haya ninayoyasimulia ni ya upande wa ukutani.

Mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, alikuwa ameolewa nchi ya jirani, mwendo wa kutwa kwa barabara. Wazazi wao walikwishafariki, kwa hiyo kwao huyo dada palikuwa ni kwa kaka mtu. Yeye ndiye baba, ndiye mama, ndiye wajomba wote kwa pamoja. Tetemeko lilipoipiga nchi ile, mji wa shemeji yake ulikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Nusu ya nyumba ya dada ilianguka, na nusu hiyo ilimwangukia mama mkwe. Alizikwa pamoja na majirani wengi. Shemeji alivunjika mguu. Fundi alipopigiwa simu alilia, na kilio kile kilikuwa cha kweli, nisimsingizie.

“Kaka, utakuja?” dada aliuliza.

“Nitakuja, mdogo wangu. Acha tu njia ifunguke.”

Njia ikafunguka. Fundi akasema watu bado wanafukua vifusi, mgeni atakuwa kikwazo. Kufukua kukapungua. Akasema wenzetu hawana chakula, sasa mimi nikaongeze mdomo? Chakula kikaanza kufika. Hapo akapata sababu iliyo nzuri kuliko zote: nchi imefiwa, na mtu mwenye adabu hakimbilii kwenda kuitazama nchi iliyofiwa, ni sawa na kumfungulia mtu mlango akiwa anaoga. Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe, akawa anayasema kwa kila mteja, na wateja wakawa wanaitikia kwa vichwa. Mama mmoja aliyeleta viti vyake vya sebuleni vibadilishwe vitambaa alisema laiti watu wote wangekuwa na busara ya fundi huyu, maana wako wanaokwenda huko kupiga picha tu. Fundi akashukuru, akainamia kazi yake.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Aliona kwenye simu ya mtu picha za tetemeko la pili, lile dogo lililowakuta watu wakifukua, na ukuta uliokuwa umesimama ukalala juu yao taratibu, kama mtu anayejinyoosha kitandani. Tangu siku hiyo lori likipita barabarani na vioo vya karakana vikitikisika, yeye alikuwa akitazama dari. Alikuwa anaogopa kulala chini ya paa la nchi ile, na hata hakuona nafuu ya kulala nje, kwa kuwa ardhi ni ile ile. Mwanamume mzima, mwenye mke na watoto, aogope ardhi. Angemwambia nani?

Mkewe hakuhitaji kuambiwa.

“Baba watoto, sema tu kwamba unaogopa,” alimwambia asubuhi moja akimkung'uta mavumbi kwenye shati. “Kwani ni dhambi? Hata mimi ningeogopa.”

“Nani anaogopa? Nina kazi za watu pale.”

“Kazi za watu unazo tangu nikujue.”

Fundi akajitia anatafuta kiatu, na kiatu kilikuwa mguuni.

Dada akapiga tena. Safari hii hakulia. Aliongea polepole, kama mtu anayechagua maneno asije akamuudhi anayemwomba.

“Kaka, sidai kitu. Ila wanawake wenzangu walioolewa ukoo huu, kila mmoja watu wa kwao wamekuja. Mimi wananiuliza kama nina kwetu. Hawasemi kwa ubaya, wanauliza tu. Tuko uwanjani chini ya turubai, tumekaa chini, jua linachomoza tumekaa, linazama tumekaa. Njoo ukae nami hata kutwa moja, wakuone.”

Mtu mwingine yeyote angesikia pale aliposema njoo. Fundi makochi alisikia pale aliposema tumekaa chini. Moyo wake ulirukia neno hilo kwa furaha, maana hilo alikuwa na dawa yake. Siku hiyo hiyo alimwagiza seremala fremu ya kochi la watu watatu, mbao nzito.

“La nani hili?” seremala aliuliza.

“La mdogo wangu.”

“Si ulisema nyumba imeanguka?”

“Ndiyo maana wanakaa chini.”

Seremala alimtazama kidogo, akachomeka penseli sikioni, akaendelea kuranda ubao.

Fundi alilifanyia kazi kochi lile kwa namna ambayo hajawahi kumfanyia mteja. Sponji ngumu, springi mpya, mahameli ya zambarau. Hata nyuma alipiga mahameli, kwa kuwa huko liendako hakukuwa na ukuta wa kuliegemeza. Lilipokwisha alimwita dereva wa lori, rafiki yake aliyekuwa akipeleka saruji na mabati kule kule, wakalipakia wawili, fundi akishika upande mzito.

“Nafasi ya mbele ipo,” dereva alisema akifunga kamba. “Panda twende ukalikabidhi mwenyewe.”

“Safari ijayo, ndugu yangu. Salimia sana.”

Lori likaondoka. Mtaa mzima ukamsifu fundi, naye kwa muda akajiona mwepesi, kama mtu aliyeshusha mzigo.

Wepesi huo uliisha picha ilipofika. Dada aliituma kwenye simu ya mkewe. Kochi la zambarau lilikuwa katikati ya uwanja, chini ya turubai la buluu, na nyuma yake vifusi. Wazee watatu walikuwa wamekalishwa juu yake, wamebana magoti, mikono mapajani, wanatazama mbele kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Wengine wote walikuwa wamekaa chini vilevile. Fundi aliiona picha ile masikio yakapata moto. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kuona kochi la kipuuzi kama lile. Chini ya picha dada aliandika: Asante kaka. Hakuandika kingine. Mkewe alimwangalia usoni, kisha akaichukua simu yake.

Dereva aliporudi aliingia karakana na mfuko wa nailoni, akauweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

“Kule wanakupa pole na mgongo,” alisema.

“Mgongo gani?”

Ndani ya mfuko mlikuwa na vichupa vya dawa ya kuchua. Vidogo, vikubwa, vya kila aina, vingine vimebaki nusu, kimoja kimefungwa kwa kitambaa kwa kuwa kifuniko kilipotea. Mlikuwa pia na mkanda wa kufunga kiunoni, umechakaa, umefuliwa.

“Mdogo wako amewaambia uliteguka mgongo ukitengeneza lile kochi,” dereva alisema. “Kwamba huwezi kukaa garini. Basi habari imezunguka uwanja mzima. Kila mwenye kichupa chake akatoa. Vingine wamevitoa chini ya vifusi. Yuko bibi mmoja, yeye magoti yake yenyewe hayamwachi alale, lakini naye katoa.” Akamtazama fundi. “Mimi sikusema kitu. Ingawa nilikuona ukibeba upande mzito.”

Seremala, aliyekuwa mlangoni, aliacha kuranda. Fundi Sponji alisimama na kichupa mkononi asijue akiweke wapi. Aibu ilimpanda mpaka kwenye nywele, aibu ya kutamani mtu aseme jambo lolote, hata tusi. Watu wasio na ukuta wala paa walikuwa wamechanga dawa kumtibu mtu aliye buheri wa afya. Na mdogo wake, na msiba wote alionao, bado alipata kazi ya ziada ya kumtafutia kaka yake kitambaa cha kumsitiri.

“Unarudi lini kule?” aliuliza, na sauti ilitoka ndogo.

“Kesho asubuhi.”

“Ile nafasi ya mbele?”

“Ipo.”

Mkewe alimfungia nguo chache, na juu yazo akaweka vile vichupa vyote. “Wenyewe wanavihitaji,” alisema. Mlangoni alimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida yao.

Woga haukubaki nyumbani, alipanda nao. Walipoanza kupita kwenye nyumba zilizopasuka, fundi alishika mshikio wa mlango na hakuuachia tena. Lakini kichwani alikuwa akipanga maneno. Atashuka, atawaambia watu wote ukweli pale pale, kwamba ni mzima, kwamba alikuwa na woga tu, kisha wamfanye wanavyotaka. Aliyapanga na kuyapangua maneno hayo njia nzima, na alipofika alikuwa ameyakariri.

Lori lilipoingia uwanjani watu waliinuka. “Kaka mtu huyo,” sauti ilisema. “Amekuja na mgongo wake ule.” Wanaume wawili walikimbilia mlango wa lori kumshika kwapa asije akaruka. Fundi akafungua mdomo. Nyuma ya wale wanaume alimwona mdogo wake, amekonda, amejifunga mtandio kichwani, anamtazama. Akatikisa kichwa kidogo tu. Hapana.

Hapo ndipo fundi alipoelewa kwamba ukweli wake haukuwa mali yake peke yake. Akisema yeye ni mzima, basi mdogo wake ni mwongo mbele ya wakwe, na tena ni mwanamke aliyetupwa na kaka mwenye afya. Yale maneno aliyoyakariri yangemtua yeye mzigo na kumtwisha dada. Basi Fundi Sponji akaweka mkono kiunoni, akakunja uso, akainama.

Alivuka uwanja mzima ameinama, na watu wanampa pole kulia na kushoto. Shemeji yake, mguu umefungwa kwa mbao, alijaribu kuinuka amsalimie, kisha akamwona alivyopinda.

“Usijitese, shemeji,” alisema mtu yule wa mguu uliovunjika. “Mpisheni alale.”

Wale wazee wakainuliwa kwenye kochi. Fundi aliwasihi wakae, aliwasihi kweli, lakini nani humsikiliza mgonjwa? Wakamlaza kifudifudi, wakamvua shati. Mahameli ilikuwa imekwishashika harufu ya moshi. Dada yake akakaa chini, karibu na kichwa chake, akamshika mkono.

“Umekuja,” alisema kwa sauti ya chini.

“Nisamehe, mdogo wangu.”

“Nyamaza, kaka. Wewe umwa tu.”

Ndipo alipokuja yule bibi wa magoti, na kichupa chake mwenyewe alichokitoa kwenye furushi la fundi. Alikuwa jirani, mumewe alikuwa hajapatikana chini ya vifusi mpaka siku ile. Alipiga goti kwa shida, akajimiminia dawa viganjani, akaanza kuchua. Mikono yake ilikuwa na nguvu na ilijua njia. Ilipita kwenye mabega, ikashuka uti wa mgongo pingili kwa pingili, ikafika kiunoni, ikarudi juu, na fundi alihisi kwamba inatafuta kitu na haikipati. Ardhi ikatetema kidogo, sufuria zikagongana. Fundi alishtuka nusura aruke, na kiganja cha bibi kikamkandamiza pale pale.

“Tulia. Inapita hii.”

Ikapita. Fundi alikuwa analia, uso ndani ya mahameli.

“Inauma?”

“Inauma, mama.”

Bibi akarudi kwenye mabega. “Na mimi nina wangu wa kiume,” alisema. “Yuko mbali huko kazini. Kaniambia anaumwa mguu, hawezi kusafiri.”

Dada akaukaza mkono wa kaka yake. Fundi akautoa uso kwenye mahameli.

“Huenda si mguu, mama,” alisema. “Huenda anaogopa.”

Mikono ikasimama. Fundi alisubiri asemwe, na alijua kwamba akisemwa atakuwa amestahili.

“Angekuja nao huo woga wake,” bibi alisema. “Hapa sote tunaogopa.”

Akamimina dawa nyingine, akaendelea kuuchua ule mgongo mzima mpaka kichupa chake kikaisha.