Aloe ya Juu ya Mlango

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya mtaa wa Hewa Bora ilikuwa na aloe mbili: moja ya kutumia, nyingine ya kuogopa.

Ya kutumia iliota nje, kwenye bidoni, dumu la mafuta lililokatwa katikati. Ukiungua mafuta ya kukaangia, Kambo, mama yake baba, alipasua jani akakupaka ute wake wa baridi. Kuku wakisinzia, aliwakatia vipande kwenye maji yao. Mtoto wa jirani alipogoma kuacha ziwa, mama yake alikuja kuomba jani, akajipaka chuchu. Yule mtoto akaonja, akamtazama mama yake kama mlevi aliyeletewa bia ya moto. Hadi leo nikimwiga jukwaani, watu hoi.

Ya kuogopa ilining'inia juu ya mlango, mizizi hewani, imefungwa uzi mwekundu. Kambo aliagiza itundikwe siku baba alipopitia mpakani Kipushi kwenda Zambia kutafuta biashara. Kuigusa, marufuku.

"Ikibaki mubichi, baba yenu iko muzima," alisema. "Ikikauka, tutalia."

Ilikauka. Aloe huvumilia miezi mingi bila udongo, ila haivumilii milele. Hilo nililijua ukubwani. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa, na mgongo wa Kambo ulikuwa umepinda, macho yake yalitazama chini zaidi kuliko juu. Basi walipokwenda misa mimi nikajidai tumbo linauma. Nikapanda kiti, ile kavu nikaitupa chooni, nikang'oa mche kwenye bidoni na kuufunga kwa uzi uleule. Nikashuka nimeridhika. Nimemwokoa baba.

Wiki mbili baadaye mwenzake baba wa safari alifika na koti la baba mkononi. Homa, alisema. Walikuwa wameshamzika kulekule. Mama akaanguka sakafuni. Kambo alinyoosha fimbo yake mlangoni.

"Angalia! Iko mubichi. Mutoto wangu hakufa. Hii koti umurudishie, kule kuko baridi."

Kilio kilifanyika, yeye hakulia. Jioni alimwekea baba bukari yake, ule ugali wetu, kwenye sahani, akaifunika. Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nikasimama katikati ya watu.

"Kambo, ni mimi nilibadilisha aloe. Ile ya kweli ilikauka."

Mtaa mzima ulinijua kwa kuiga padri na walevi. Kambo ndiye aliyecheka kwanza.

"Huyu mutoto! Hata ku kilio anafanya michezo."

Shangazi akacheka, wageni wakacheka. Nikarudia, wakacheka zaidi. Sikusema tena. Sahani ile iliendelea kufunikwa miaka sita, mpaka tulipomzika Kambo mwenyewe.

Juzi niliungua kidole kwa birika. Mke wangu akapasua jani, akanipaka.

"Inauma?"

"Hapana."

Kweli, sikusikia kitu. Nilikuwa nikilifikiria bidoni. Nilipong'oa ule mche niliacha shimo, tena kubwa, na kwa haraka sikulifukia. Kambo ndiye aliyemwagilia pale kila asubuhi, mgongo umepinda, macho chini. Lazima aliliona kabla ya koti kufika. Na siku niliposimama kusema ukweli, alitangulia kucheka ili wengine wasiniamini.

Watu huniuliza nani alinifundisha kuchekesha. Nawaambia sijui.